Dawa ya Macho Niliyokupa

Sterling, Virginia
Jumamosi jioni

Mwanangu Tunu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, naisikia kupitia ukuta huu mwembamba. Unabishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uende nayo, wewe unamwambia kwenye bweni la chuo hawaruhusu kupika. Atashinda yeye, kwa hiyo itie tu kwenye sanduku uendelee na mengine.

Mimi sitasema lolote kuhusu sufuria, wala blanketi, wala kanisa, wala wavulana. Hayo mama yako ameshayasema wiki nzima, na aliyoyasahau atayasema kwa simu. Nakuandikia jambo moja, nalo ni macho yako. Najua ukifika kwenye neno hilo utatamani kuikunja karatasi. Tangu mwaka juzi, kila nikifungua mdomo kuhusu macho yako unanyanyuka na kwenda chumbani kwako, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua haiwezi kukufuata hadi mlangoni na kubisha hodi, itakaa pale ulipoiweka mpaka hasira ikupungue. Isome polepole, kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisoma pamoja ulipokuwa mdogo. Mahali Kiswahili changu kikikushinda, mpigie mama yako. Yote yaliyomo humu anayajua.

Unajua kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa nauza kwenye duka la dawa pale Morogoro. Kwako ni mzaha tu, kwa sababu watu wa ibada ya Kiswahili wananiita Daktari, na wewe na wenzako mlikuwa mkicheka mkinisikia naitwa hivyo huku nimevaa sare ya jikoni ya uwanja wa ndege. Sijawahi kukueleza ilivyokuwa. Mimi sikusomea dawa hata siku moja. Mwenye duka ndiye aliyesomea, lakini alikuwa mtu wa safari, leo Dar kesho Arusha, akaniachia funguo. Nilizijua dawa kwa rangi za maboksi na kwa malalamiko ya wateja. Anayekohoa, mpe ile. Anayeharisha, mpe hii. Anayejikuna macho, yamemwiva kama aliyekesha kwenye moshi, mpe kichupa kile cheupe kilicho karibu na dirisha.

Kichupa hicho kilinipa heshima kuliko kitu chochote dukani. Wa kikohozi walirudi kunigombeza. Wa macho walirudi na mkungu wa ndizi. Matone mawili asubuhi, mawili jioni, na siku ya pili mtu anapita barabarani macho meupe, ananipungia mkono kwa mbali. Nilikuwa kijana, nilipenda sana kupungiwa mkono. Wateja wale sikujua walikuwaje baada ya mwaka au miaka mitano, wala haikunijia akilini kuuliza.

Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo Marekani. Nakueleza ili ujue kwamba sikuwa mkatili. Nilikuwa mtu mwenye uhakika, na nimekuja kuona kwamba mtu mwenye uhakika anaweza kuumiza wengi kabla hajashtuka.

Tulifika huku ukiwa na miaka kumi, katikati ya baridi. Machipuko ya kwanza, majira ya miti kuchanua, yalipita salama. Ulikimbia chini ya miti na kurudi na majani kwenye nywele, na mimi na mama yako tukasema Mungu ni mwema. Machipuko ya pili ndiyo yaliyokushika. Unga ule wa manjano wa miti ya mialoni ulipoanza kutanda juu ya magari, uliamka kope zimegandana. Ulizisugua kwa vifundo vya vidole mpaka ngozi chini ya macho ikawa nyeusi. Mwalimu akakurudisha nyumbani akidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, na uliporuhusiwa kurudi, wasichana uliokuwa ukila nao wakahamia meza nyingine. Ulinisimulia hilo ukiwa umejifunika taulo usoni. Siku ile niliumia mno, Tunu. Nilikuwa nimewatoa kwenu, nimewaleta mahali pageni, na hata miti yake haikutaki.

Muuguzi wa shule alisema ni aleji ya chavua. Mimi nilicheka. Nilimwambia mama yako, hawa watu wana mambo, mtu mzima na akili zake anaumwa na maua? Kwetu miti inachanua mwaka mzima na hakuna anayelia. Mama yako hakucheka. Alikuwa ameanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na katika nyumba mojawapo alikuwa ameona bibi mwenye tatizo kama lako. Akakukataza kufungua dirisha la chumbani. Ukitoka shule, kabla hujagusa kitu, uso na maji, nywele na maji, nguo za nje zinabaki bafuni. Jioni anakulaza kochini na kitambaa kilicholowekwa maji ya barafu juu ya macho. Ulisaidika kidogo. Ulipata nafuu ya saa mbili tatu, kisha ukaanza tena kujikuna. Kila jioni kitambaa, kila jioni anakushika mikono usijisugue, na mimi nimesimama pembeni naona kazi haiendi.

Nikampigia simu shangazi yako Agnesi. Nikamwambia aingie duka lolote la dawa Dar, aombe kichupa cheupe, achukue vingi.

Huku kwetu hakuna anayesafiri na mzigo wake peke yake, unalijua hilo. Mtu akitangaza kanisani kwamba anakwenda nyumbani, sanduku lake si lake tena. Atarudi na dagaa wa huyu, kitenge cha yule, unga wa muhogo, kitabu cha nyimbo, na picha za mazishi. Mwaka ule aliyesafiri alirudi na viatu vyake viwili na dawa yangu. Nilijua kwamba huku dawa ile haiuzwi bila karatasi ya daktari. Nilidhani ni urasimu wao tu, kama ule wa kuomba kibali cha kuchoma nyama bustanini. Haikunipitikia kwamba pengine kuna sababu.

Jioni ile nilikukalisha kwenye kiti cha jikoni, nikakuinamisha kichwa, nikakufungua kope kwa kidole gumba. Ulikuwa unaogopa. Nikakutania kwamba macho yako yamelewa chavua na sasa tunayapa maji yazinduke, ukacheka, na ulipocheka nikadondosha. Kabla hatujamaliza kula uliniambia, "Baba, haiwashi tena." Asubuhi macho yalikuwa meupe kabisa. Ulikwenda shule unarukaruka. Nilimtazama mama yako, na yeye alielewa nilichokuwa nasema, akakianika kitambaa chake na hakukitumia tena kwa miaka mingi.

Nilifurahi mno, na sitaki kukudanganya kwamba nilifurahi kwa ajili yako tu. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimemshinda mama yako na muuguzi na nchi nzima. Kazini nilikuwa mtu wa kufunika sahani za chakula cha ndege kwa karatasi ya alumini, siku nzima, na msimamizi mwenye miaka michache tu tangu aanze kunyoa ndevu aliniita kwa kupiga vidole. Nyumbani nilikuwa tena yule kijana wa Morogoro anayepungiwa mkono.

Basi ikawa desturi. Kila mwaka kabla theluji haijaisha namwagiza shangazi yako, na dawa inafika kabla ya mialoni. Machipuko sita. Sikukutilia siku mbili tatu kama mteja wa dukani, nilikutilia tangu miti inapoanza hadi nyasi zinapokwisha, miezi mitatu, minne, asubuhi na jioni. Ulipokua ukajifunza kujitilia mwenyewe, na mimi nikajisifu kwamba nina binti mwenye nidhamu. Na Jumapili baada ya ibada, watu wakinywa chai kanisani kule Columbia Heights, mjini, walikuja mmoja mmoja na macho mekundu: Daktari, nisaidie. Nilikuwa natembea na vichupa mfukoni mwa koti.

Sasa nafika mahali pagumu.

Ulipofika miaka kumi na sita ulianza kumwaga vitu. Kikombe kikiwekwa upande wako wa kushoto unakipiga kiwiko. Ulimkanyaga mtoto wa watu kanisani aliyekuwa amesimama wazi kabisa. Nilipokuwa nakufundisha kuendesha kwenye uwanja wa maduka, uliparuza kioo cha gari kwenye nguzo ya taa, nguzo nene ya saruji iliyopakwa rangi ya njano. Nilikupigia kelele. Nilikuuliza akili yako ulikuwa umeiacha wapi. Uliniambia hukuiona, nami nikasema huo ni uongo, nguzo kama ile haionekani vipi? Ulilia njia nzima kurudi nyumbani, na mimi niliendesha nikiamini ninakulea. Katika yote niliyokutendea, hilo ndilo linalonirudia nikiwa kazini. Nilikugombeza kwa kutoona.

Halafu ile mashine ya ofisi ya leseni ikakukataa. Jicho la kulia sawa, la kushoto wakakuambia rudia, ukarudia, wakasema nenda kwa daktari wa macho kwanza.

Tulikwenda sote wawili, kule Manassas. Daktari alipima presha ya macho, akapima tena, akatoka kwenda kuchukua kifaa kingine. Tulisubiri kwenye korido na msichana wa mapokezi. Wakati ule karatasi zetu za kukaa hazijakamilika, unakumbuka, na kanisani kulikuwa na habari inayozunguka ya familia moja, sijui kama ilikuwa kweli, iliyochukuliwa mtoto na watu wa serikali kwa sababu ya dawa ya mitishamba. Nilishajua. Nilipoona uso wa daktari nilijua ni kichupa kile. Nikakuinamia, mbele ya msichana yule asiyeelewa neno, nikakuambia kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama nakuuliza kama una njaa:

"Wakikuuliza habari ya dawa, usiseme mengi."

Hukuuliza kwa nini. Ulinitazama tu, na uliponitazama nikaona umeelewa kila kitu: kwamba dawa ndiyo, na kwamba baba yako anaogopa.

Daktari akakuuliza kama umewahi kutumia matone yoyote. Ukasema ndiyo. Yapi? Ukamweleza. Akaacha kuandika. Kwa muda gani? Ukasema machipuko haya tu, na labda wiki chache za mwaka uliopita. Nani alikupa? Ukasema tulinunua safarini. Ulisema hivyo bila kutikisika, kwa Kiingereza chako kizuri ambacho mimi sitakipata kamwe. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kofia magotini. Alinigeukia mimi akaniuliza kama ndivyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Akatueleza. Dawa ile ina steroidi. Ndiyo maana inatuliza haraka hivyo. Lakini kwa baadhi ya watu, ikitumika muda mrefu, inapandisha presha ndani ya jicho, na presha inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu yoyote. Kilichokufa hakirudi. Akasema ajabu ni kwamba mshipa wako umechakaa kuliko alivyotarajia kwa matumizi ya muda mfupi, lakini kwa kuwa ni muda mfupi, presha inapaswa kushuka yenyewe ukiacha. Akakupa dawa ya kuishusha na kukwambia urudi baada ya majira ya joto.

Baada ya majira ya joto jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na kitundu cha kuonea katikati. Ukaingia upasuaji wa kuokoa kitundu hicho. Siku ya upasuaji daktari alikuuliza tena, kwa upole, kama una uhakika na muda ule. Ukasema una uhakika.

Mama yako aliniambia siku ile kwamba nimwambie daktari ukweli asubuhi iliyofuata. Asubuhi nikasema acha kwanza apone. Alipopona nikasema acha kwanza karatasi zetu zitoke. Karatasi zilipotoka sikuwa na sababu nyingine, nikanyamaza tu.

Kitu nilichokifanya ni kukusanya vichupa. Nilidhani nikivikusanya vyote nitakuwa nimelipa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, Sterling hadi mjini. Wengi walinirudishia wakanisikitikia, na kusikitikiwa huko kulinichoma kuliko tusi. Lakini Baba Kamau, yule Mkenya dereva wa teksi, alinisimamisha mlangoni. Nikamweleza yaliyokupata. Akanipa pole ya kweli, kisha akasema, "Lakini Daktari, wewe ndio uliniambia hii dawa ni safi. Nita-drive aje na macho zinaniwasha hivi? Wacha nimalize hii, nitaenda hosi kuona daktari." Nikaondoka. Ningeweza kusimama pale mpaka anipe. Ningeweza kumweleza mkewe. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu mbaya, nikaondoka.

Na mwaka huu, wiki ya mahafali yako, kichupa hicho kikakufikia. Uliombwa upige picha na darasa, na mialoni ilikuwa imekuja kwa nguvu, uso umevimba mpaka hukujitambua kwenye kioo. Ukamwomba Wambui, binti yake Baba Kamau, naye akakuletea shuleni. Nilikukuta bafuni umeinamisha kichwa nyuma, kidole gumba kwenye kope, kama nilivyokufundisha. Nilikushika mkono. Uliniambia, "Baba, just leo. Picha ni kesho." Nikasema hapana. Ndipo ukaniambia, na sauti yako haikupanda hata kidogo:

"Ulinipa six years. Sasa unaninyima one day?"

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nimekishika kichupa, nalia, na wewe umesimama unanitazama, na mama yako akaingia na kitambaa cha maji ya barafu. Alikukalisha juu ya kifuniko cha choo, akakufunika macho, akakushika mikono yote miwili. Mlikaa hivyo mpaka mimi nikatoka. Kwenye picha ya darasa macho yako ni mekundu na unacheka. Ninaiweka kazini, ndani ya mlango wa kabati langu.

Huko Georgia unakokwenda, watu wanasema misonobari ikianza kumwaga chavua, maji ya mvua yanatiririka barabarani yakiwa ya manjano. Utaumwa, Tunu. Sikufichi. Utaamka na kope zimegandana na kutakuwa na mtihani au harusi ya mtu au mvulana, na atatokea mwenzako mwema mwenye kichupa. Huku watu wetu ni wachache, lakini kila bweni lina mtu ambaye mjomba wake amesafiri. Mambo yanayosaidia kweli ni yale yanayochosha: maji, dirisha lililofungwa, foronya inayofuliwa, kitambaa, matone ya machozi ya dukani ukiyaweka kwenye friji, na dawa ya aleji atakayokuandikia daktari, uianze kabla miti haijaanza. Hakuna hata moja utakalomsimulia mtu kwa furaha. Nafuu yake ni ya robo robo. Mimi niliidharau nafuu ya robo, nikataka yote jioni moja, nawe ndiye uliyeumia.

Na kuna yale matone mengine, ya presha, ya kila usiku wa maisha yako. Mama yako ameniambia kwamba mwezi uliopita chupa ilidumu kuliko inavyopaswa. Najua unaruka siku. Najua pia kwamba kuinamisha kichwa na kushika kope kunakuletea mikono yangu. Siwezi kuiondoa mikono hiyo kichwani mwako. Kama kila tone linakukumbusha mimi, basi nikumbuke kwa hasira, nitukane kwa lugha yoyote unayotaka, lakini litie.

Jumanne nilichukua ruhusa kazini nikaenda Manassas peke yangu. Sikukwambia kwa sababu ungenizuia. Nilisubiri mpaka wagonjwa wakaisha, nikaingia, nikamwambia yule daktari: ni machipuko sita, miezi mitatu hadi minne kila mwaka, asubuhi na jioni, na niliyempa ni mimi. Akauliza kwa nini hatukusema. Nikamwambia niliogopa mtanichukulia mtoto. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, ningependa angenigombeza.

Nikamuuliza kama tungesema ile siku ya kwanza, jicho la kushoto lingepona. Akasema lisingepona, lakini angelifanyia upasuaji wiki ile ile na hangekuambia urudi baada ya majira ya joto. Nikamuuliza, kwa hiyo lingebaki linaona zaidi ya hapa? Alisema, "Siwezi kukuambia kwamba lisingebaki." Nilimwelewa. Kilichokula jicho lako kiangazi kile chote hakikuwa dawa ile, maana ulikuwa umeshaiacha. Ni maneno yangu ya kwenye korido.

Akasema jambo jingine, na hili ndilo ninalokuandikia. Jicho la kulia limekuwa likipimwa mara chache, kama jicho la mtu aliyeonja dawa kidogo. Presha yake bado haijatulia. Anataka lipimwe upya lote, mwezi wako wa kwanza huko, na baada ya hapo mara kwa mara, na ikibidi lifanyiwe kitu mapema, kabla halijaanza kufuata la kushoto. Ataandika yeye. Lakini daktari mpya hatasoma tu, atakuuliza wewe. Wote huuliza upya.

Na mimi nimeshaogopa utakachojibu, kwa sababu umekizoea. Utasema machipuko haya na labda ya kabla yake. Utasema tulinunua safarini. Huwa unasema hivyo haraka, bila kunitazama, hata nisipokuwepo, mama yako amekusikia ukimwambia hivyo muuguzi wa chuo kwenye simu. Mama yako anasema unafanya hivyo kwa kunipenda. Naamini. Hujawahi kuniambia kwamba umenisamehe, na sikuombi, lakini miaka miwili hii kila mtu mwenye koti jeupe aliyekuuliza, umesimama mbele yangu ukanikinga. Ulianza ukiwa na miaka kumi na sita kwa sababu nilikuomba. Sasa nakuomba uache. Unanikinga kwa jicho lako, na ni hilo moja lililobaki.

Watakapokuuliza, sema sita. Wakikuuliza nani, usiseme safari, usiseme rafiki wa familia. Sema ni baba yangu, alikuwa ananitilia kwa mkono wake, jikoni kwetu. Na yule daktari akitaka kujua kama baba yako alijua anachofanya, mwambie hakujua alipokuwa anatia dawa. Alijua siku aliyokuambia unyamaze.

Baba yako